Nyayo Zangu Katika Matofali ya Kapata

Nilicheka, rafiki yangu, nilicheka mpaka yule kijana wa mazoezi ya viungo akaweka karatasi yake mezani na kunitazama, akijiuliza nani hasa ni mgonjwa hapa, mama au mtoto.

Tulikuwa Lubumbashi, mimi na binti yangu wa miaka minane. Tangu aumwe masikio, binti yangu anaanguka ovyo. Anaanguka akikimbia, anaanguka akigeuka kuitikia jina lake, na siku moja alianguka akiwa amesimama tu, akinisubiri nifunge mlango. Daktari alisema masikio yamepona, kilichobaki ni kuufundisha mwili kusimama upya, ndipo akatutuma kwa huyo kijana ambaye sisi huku tunamwita kine. Basi kine akatoa karatasi yenye picha. Mtoto amesimama kwa mguu mmoja. Mtoto amesimama juu ya mto laini. Mtoto anatembea juu ya ubao mwembamba. Mtoto anadaka mpira huku mguu mmoja uko juu. Mtoto amefumba macho.

"Mama, hii ni méthode ya sasa," alinieleza kwa adabu. "Kila siku, kidogo kidogo."

"Ya sasa?" nilimjibu, machozi ya kicheko yakinitoka. "Tata, mi nilifanyaka yote hii Kapata, mu matope!"

Hakuniamini. Binti yangu naye alinivuta kikwembe, kitenge changu, kwa aibu. Basi ngoja nikusimulie wewe, maana tangu siku ile kumbukumbu zimenijaa kichwani na sina pa kuziweka.

Kama hujafika Kapata, ni mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi, nje kidogo ya Kolwezi. Nyumba zimepangwa mistari mistari, zote za aina moja, mlango upande ule ule, dirisha upande ule ule, hata baba mmoja wa mstari wetu akirudi kutoka kunywa alikuwa anahesabu kwanza miparachichi ndipo ajue aingie wapi. Enzi zangu kampuni ilikuwa imeanza kukohoa. King'ora cha zamu kililia bado, lakini waliokiitikia walikuwa wachache, na kila nyumba ilikuwa imejitafutia kazi ya pili. Baba alishinda wiki nzima mgodini Mutoshi. Mama yangu alikaanga bitumbula, yale maandazi ya mviringo, na ni harufu ya mafuta yake iliyotuamsha. Asubuhi za mwezi wa sita kwetu ni baridi, baridi kweli, mdomo unatoa moshi, na sisi watoto tulikuwa tunasukumana kuizunguka mbabula, jiko letu la makaa, huku tumejifunika mashuka hadi masikioni.

Masikio! Hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilikuwa na miaka saba yaliponishika. Nililala wiki kadhaa, usaha ukitoka, mama akinitilia matone na kunisafisha kwa pamba. Nilipopona na kuamka, nilikuta ardhi imehama. Naapa, nilifikiri ni ardhi. Nilikuwa naweka mguu hapa, unaangukia pale. Watoto wa mtaa wana roho ngumu, wewe unajua, hawakumaliza hata siku mbili kabla hawajanibatiza jina la Kalevi, mlevi mdogo. Nikipita, wanaimba na kuyumba nyuma yangu. Nilikuwa nacheka nao, halafu naingia chooni kulia.

Na katikati ya kuyumba huko, mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa mmoja wa bajoyeuse.

Unawajua. Wale wasichana wadogo wanaocheza mbele ya altare siku ya Mungu, Jumapili, kanzu nyeupe, mkanda wa manjano kiunoni, kitambaa mkononi. Kwaya inaanza Utukufu, ngoma zinashuka, nao wanakuja kwa safu mbili, na kuna mahali fulani katika mchezo ambapo wote wanainua mguu mmoja na kubaki hapo. Wanabaki tu! Ngoma inawasubiri, padri anawasubiri, kanisa zima linashika pumzi, halafu ngoma inapigwa na mguu unashuka. Mimi nilikuwa nikikaa benchi la tatu, na kila mguu ule ulipobaki juu, nilihisi mwili wote unanisisimka.

Sista aliyewaongoza alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwembamba, mwenye Kiswahili safi cha kwenye misale. Alipokea wasichana wapya mara moja kwa mwaka, Jumamosi kabla ya sikukuu ya parokia, katikati ya mwezi wa nane. Mtihani wake ulikuwa mmoja: unasimama mbele ya altare kwa mguu mmoja, kwaya inaimba kibwagizo chote, halafu unabadili mguu, wanaimba tena. Ukigusa chini, unarudi mwaka ujao. Sista hakuwa mkali bure. Mwaka uliotangulia msichana mmoja alikuwa ameyumba katikati ya misa, akashika kitambaa cha altare, na maua yote, na maji ya maua yote, yakamwagikia miguuni pa padri.

Nilimwambia mama yangu kwamba mwaka ule nitajaribu. Mama aligeuza kitumbula kwenye mafuta, akasema nina sauti nzuri sana, mbona nisiingie kwaya?

Sasa, jirani yetu wa mkono wa kuume alikuwa mama mfyatua matofali. Jirani huyo! Alikuwa mrefu kupita mlango wake mwenyewe. Ujanani alicheza basketi katika timu ya wanawake ya kampuni, akasafiri kwa treni kwenda kucheza mpaka Tenke na Lubumbashi, na ingawa timu ilikuwa imekufa zamani, chini ya kikwembe chake alivaa bado ile kaptula ya bluu ya mchezo, na shingoni alining'iniza filimbi. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kichuguu kikubwa, na kutoka kichuguu hicho alichimba udongo, akaukanyaga kwa maji ndani ya shimo, akaujaza ndani ya kalibu ya mbao, akaugeuza na kuyapanga matofali uani yakauke. Safu baada ya safu, na kati ya safu na safu amebakiza njia nyembamba ya kupita mtu mmoja.

Asubuhi moja, mwanzo wa kiangazi, mama alinituma nimpelekee sahani ya bitumbula. Nilikuwa na akili ya kuzunguka nje ya lupango, kiwanja chake, lakini nilikuwa na haraka, bitumbula vilikuwa vya moto, nikakata kati ya safu. Hatua ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu, ardhi ikahama. Nilianguka kwa urefu wangu wote juu ya matofali yaliyofyatuliwa asubuhi ile ile, sahani ikaruka, bitumbula vikazama kwenye udongo kimoja kimoja. Nilipoinua uso nilikuwa nimeua matofali kumi na moja.

Nilingoja kipigo. Jirani alikuja polepole, akanitazama mimi, akatazama matofali, akainama kabisa kuyachunguza. Hapa kiganja changu, vidole vyote vitano. Hapa goti. Hapa kisigino kimechimba upande.

"Simama," akasema.

Nilisimama.

"Inua muguu moja."

Niliinua, na nikaangukia tofali la kumi na mbili.

"Nani alikufunda kuanguka vile?"

"Hakuna, Mama. Ni masikio."

"Ni muzuri. Kitu hakuna mutu alikufunda, tunaweza kukifuta." Alinishika begani, akaniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanipangusa uso kwa ncha ya kikwembe. "Sema sasa. Unatakaka nini, weye? Kitu gani unatakaka sana?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Nilimweleza habari za bajoyeuse, mguu unaobaki juu, Jumamosi ya mwezi wa nane, kila kitu. Nilitegemea acheke, na nilikuwa tayari kucheka naye. Hakucheka. Alihesabu kwa vidole.

"Tuko na miezi mbili na kipande," akasema. "Ile matofari umevunja, usiguse. Ikauke tu vile, njo témoin, njo shahidi yetu." Kisha akapuliza filimbi, mbu! masikioni mwangu, na nusura nianguke tena. "Match imeanza!"

Rafiki yangu, kuanzia siku ile sikupata tena raha ya kulala. Alfajiri baridi ikiuma, filimbi inalia upande wa pili wa ua. Mama yangu alikuwa anatingisha kichwa, ananipa kitumbula cha kula njiani, na mimi huyo, miguu mitupu, kwenye shimo la udongo.

Kwanza kukanyaga. Watoto wengi wa mstari wetu walikuja kumkanyagia udongo, kwa malipo ya kilazi, kiazi kitamu kilichochomwa, lakini wao walikanyaga kwa miguu miwili. Mimi nilikanyaga kwa mmoja. Udongo wa kichuguu ukishanyweshwa maji ni laini, unateleza, unakuvuta, haukai mahali pamoja, na ndani ya shimo lile nilitakiwa kusimama kwa mguu wa kushoto wakati jirani anahesabu kwa Kifaransa, "Un, deux, trois," kwa sauti ya kusikika mpaka njia kuu. Mwanzoni sikufika hata tatu. Nilitoka mle nimekuwa mwekundu kuanzia nywele hadi kucha. Sasa nikiona mto laini wa kine, ule wa rangi ya bluu, natamani kumwambia aumwagie maji na udongo kidogo ndipo mtoto afurahi.

Kisha ubao. Kulikuwa na ubao mrefu wa kubebea matofali mabichi kutoka shimoni hadi uani. Jirani aliulaza juu ya matofali makavu mawili, kimo cha kifundo cha mguu, nami nikapita juu yake kisigino mbele ya kidole. Nilikuwa na tabia ya kutazama miguu yangu, nikiogopa itanikimbia. Hapo ndipo filimbi ililia zaidi.

"Macho mbele! Unatafuta nini huko chini? Ulipoteza kitu?"

Mbele, kwa jirani, palikuwa na mahali pake maalumu: lile lundo la udongo wa mgodi lililosimama ng'ambo ya nyumba, bapa juu, la rangi ya majivu. Nilitakiwa kulitazama lundo lile mpaka mwisho wa ubao. Mpaka leo nikipita mahali penye utelezi, macho yangu yanatafuta lundo.

Baadaye ikaja kudaka. Alikuwa akinirushia mabonge ya udongo, mimi nimesimama kwa mguu mmoja, nadaka, namrudishia. Alirusha pasi za basketi kabisa, kulia, kushoto, juu, na akisahau kwamba mimi si mchezaji wa timu yake, bonge lilinipata kifuani, pwa! Tulicheka hadi tukakaa chini. Na mwisho wa kila asubuhi, kufumba macho. Hili niliogopa kuliko yote, kwa sababu nikifumba macho ardhi ilikuwa inahama kwa kasi. Alinisimamisha katikati ya uani, mguu mmoja juu, nisali Baba Yetu taratibu. Wiki ya kwanza sikuvuka mstari wa pili. Wiki ya tano nilisali yote. Wiki ya saba nilisali Baba Yetu, Salamu Maria, na nikaongeza habari zangu binafsi kwa Mungu, nikiwa bado juu, naye jirani amekaa kwenye ndoo yake ananingoja.

Lakini siri yake kubwa ilikuwa ya Jumamosi. Kila Jumamosi alifyatua matofali mawili makubwa, akayaacha yaanze kushika, kisha akaniita nisimame, tofali moja mguu huu, tofali la pili mguu ule, kwa hesabu ya ishirini. Nikishuka, anachuchumaa kusoma wayo wangu.

"Angaria hapa. Kisigino kimeingia sana, unalalaka inyuma. Na hapa, upande wa inje, umekwaruza. Muguu wako ya kuume iko na woga."

Nilikuwa nachuchumaa kando yake kusoma na mimi. Tofali la Jumamosi ya kwanza lilikuwa limeraruka kingo zote. La tatu lilikuwa na nyayo mbili, moja juu ya nyingine. La sita, wee, la sita lilikuwa na wayo! Wayo mmoja, mzima, vidole vitano vimelala sawa. Niliutazama nikaona raha ambayo siwezi kukueleza, maana mtu anaweza kukudanganya kwamba unaendelea vizuri, mama yako anaweza kukudanganya kwa upendo, lakini udongo ule haukunijua wala kunionea huruma. Jirani aliyapanga yote kwa mfuatano kivulini, kuanzia yale kumi na mawili ya goti na kiganja, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Na wenzangu wakaacha kuimba. Siku moja, mkubwa wao alinisukuma kwa nyuma kuona kama nitaanguka. Nilipiga hatua moja, nikasimama, nikageuka. Sikumpiga. Nilimtazama tu, na yeye ndiye aliyeondoka. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Ikafika Jumamosi yenyewe.

Hapa ndipo lazima nimseme mama yangu, na akisikia atanisamehe. Unajua akina mama wa Kolwezi na sakafu zao. Sakafu ya saruji nyekundu inapakwa nta, tunaiita sirage, inasuguliwa kwa magoti mpaka unaona meno yako ndani yake. Ya kanisa letu ilikuwa hivyo, na akina mama walishika zamu ya kuisugua. Zamu ya Jumamosi ile ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa ameniona siku ile ya msukumo kupitia dirishani. Hakuwa ameniambia neno, lakini alikuwa ameamini, na mama yangu akiamini kitu anakifanya kwa mikono. Aliingia kanisani asubuhi na mapema, akapaka sirage mbele ya altare. Akatazama, akaona mtoto wake atasimama hapo, akapaka tena. Akasugua kwa kitambaa, kwa ganda la nazi, kwa soksi kuukuu ya baba. Palimetameta vibaya sana!

Hakuishia hapo. Aliazima kwa dada yake viatu vyeupe vya turubai, vilivyonizidi kidogo, akajaza pamba mbele ili visinitoke. Nilipovivaa nikajiona bibi arusi. Jirani hakuwepo, alikuwa shimoni anamaliza udongo wa asubuhi. Na mimi, kwa ujinga wa furaha, sikufikiri kwamba kwa miezi miwili na kipande miguu yangu haikuwa imegusa kiatu hata mara moja.

Tulikuwa wasichana tisa tuliokuja kujaribiwa. Nilipoitwa, nilikwenda mbele nikitabasamu, nikainua mguu wa kushoto. Kwaya haijafika hata neno la tatu, nikashangaa: chini yangu hapakuwa na kitu. Sikuhisi ardhi. Nilihisi pamba, nilihisi turubai, na chini yake kitu kinachoteleza kuliko shimo la udongo. Nilitafuta lundo langu mbele, nikaona tabernakulo inazunguka. Nilianguka kwa makalio, mbele ya wote, na sirage ya mama yangu ikanibeba mbele kidogo zaidi.

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Kalevi." Nilisikia vizuri sana. Masikio yalikuwa yamepona.

Sista aliweka mkono begani kwangu. "Pole, mwanangu. Utarudi mwaka ujao."

Nilitaka kufa, nakwambia ukweli. Mama yangu, kwenye benchi la akina mama, alikuwa ameshika kinywa kwa mikono miwili. Na hapo ndipo filimbi ilipolia. Ndani ya kanisa! Wote tukageuka. Mlangoni alikuwa amesimama jirani, tope hadi magotini, kikwembe kimekunjwa, kaptula ya bluu inaonekana. Hakuvuka kizingiti, kwa sababu ya miguu yake na ile sakafu mpya. Alisimama pale pale nje, akapiga kelele:

"Toa ile biatu!"

"Mama," sista akasema, akijizuia, "mbele ya altare hatusimami miguu mitupu. Si heshima."

"Ma sœur, basi angaria chini! Biatu inaharibu sirage! Angaria ile mustari mutoto amefanya!"

Sista alitazama. Sote tulitazama. Kweli, soli ya kiatu changu ilikuwa imechora mstari mweusi kuanzia niliposimama hadi nilipofikia. Halafu mama yangu, mama yangu asiyesema kanisani isipokuwa kuitikia, akasimama kwenye benchi lake.

"Ni kweli, ma sœur," akasema. "Biatu inaacha alama. Tumesugua tangu asubuyi. Kesho ni sikukuu."

Na mama wa pembeni yake akasema ni kweli. Na yule wa nyuma, mwenye zamu ya wiki inayofuata, akasema ni kweli kabisa, tena kwa nguvu. Sista aliwatazama akina mama wa Kapata mmoja mmoja. Nadhani alielewa kila kitu. Nadhani pia alijua nani atasugua sakafu yake wakimkasirikia.

"Vua," akaniambia.

Nilivua. Nilikanyaga saruji, baridi, imara, naijua! Vidole vyangu vikajitandaza vyenyewe. Niliinua mguu wa kushoto. Mbele yangu, juu ya tabernakulo, palikuwa na dirisha dogo, na ndani ya dirisha, usiniulize ni nani alilipanga, palionekana kipande cha lundo la mgodi. Kwaya ikaimba kibwagizo, mimi juu ya mguu wa kuume, ule wenye woga. Nilibaki. Nikabadili mguu, kwaya ikaimba tena. Nilibaki! Sista akainua mkono, kwaya ikanyamaza, na mimi bado niko juu, nimesahau kushuka, mpaka nikasikia kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, "Shuka sasa, mama. Imeisha."

Kesho yake wote tulicheza miguu mitupu, wa zamani na wapya waliofaulu, kumi na wawili, kanzu nyeupe na nyayo tupu juu ya sakafu nyekundu. Sista aliamuru hivyo. Mguu wangu ulibaki juu, na kanisa likashika pumzi, na mimi nilikuwa ndani ya ile pumzi. Sijapata furaha kama ile, na nimeolewa, na nimezaa.

Mwisho wa mwezi jirani aliwasha tanuri. Matofali yangu yalichomwa pamoja na mengine, akajenga nayo jiko la nje, na kwenye ukuta uliotazama kwetu akayapanga kwa mfuatano, kimo cha mtoto: kiganja, goti, kingo zilizoraruka, wayo juu ya wayo, na mwisho ule mmoja mzima. Nilileta wanafunzi wenzangu wote kuuona. Watoto waliopita walipenda kutia vidole vyao ndani ya vidole vyangu.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Kapata ili aamini. Mama yangu yuko bado, kwenye nyumba ile ile. King'ora hakilii tena. Miparachichi ilikatwa, na njia imepanuliwa kwa ajili ya malori. Jirani alifariki nikiwa masomoni Lubumbashi, wanawe wakauza lupango, na walionunua walichimba shimo la kutafuta madini pale pale uani, karibu na kichuguu, mpaka jiko likabomoka. Matofali yakaenda watu walikokwenda nayo. Nilipita mstari mzima nikipapasa kuta za watu.

"Acha sasa, mama," mama yangu alinisihi. "Batu batazani unapima nyumba yabo."

Sikupata hata moja. Nilikaa ukingoni mwa lile shimo nikalia, na binti yangu, ambaye alikuwa amekuja kuona wayo, alinishika mkono. Nilikuwa sina cha kumwonyesha.

Siku ya Mungu tulikwenda misa. Bajoyeuse walikuja kwa safu mbili, kanzu nyeupe, mkanda wa manjano, na nikaona miguu yao. Mitupu, yote. Baada ya misa, wasichana wawili walibaki wakijifunza mchezo mbele ya altare, na binti yangu, aliyekuwa haniachi mkono tangu Lubumbashi, aliniacha akaenda kwao. Mimi na mama yangu tulibaki mlangoni.

"Toa kwanza biatu," mmoja wao alimwambia.

"Juu ya nini?" binti yangu akauliza sababu.

"Biatu inaharibu sirage. Njo vile banatuambiaka."

Nilitazama chini. Sakafu ya kanisa ni vigae sasa, vyeupe, toka mlangoni hadi altare. Hapajapakwa sirage pale miaka na miaka. Niligeuka kwa mama yangu, naye alikuwa ameshika kinywa kwa mikono miwili, vile vile, ila safari hii mabega yalikuwa yanamtingishika kwa kicheko.

Binti yangu alivua viatu, akavipanga kando. Aliinua mguu wa kushoto. Akaanza kuyumba, na akainamisha kichwa kutafuta miguu yake.

"Macho mbele!" nilipiga kelele, kutoka mlangoni, ndani ya kanisa.

Watu waligeuka kunitazama. Binti yangu yeye alitazama mbele.